Kutafuta Lulu ya Kweli Unguja

Katika mapambo yote anayovaa mwanamke, lulu ni ya pekee. Dhahabu, almasi na tanzanaiti huchimbwa ardhini, lakini lulu hutoka ndani ya kiumbe hai. Chaza anapoingiliwa na mdudu, au anapopata jeraha ndani ya mwili wake laini, hulifunika eneo lile kwa utando mwembamba wa kung'aa, utando juu ya utando, mpaka kile kilichokuwa kinamsumbua kinakuwa laini na cha kupendeza. Sisi wauguzi tunaielewa habari hiyo upesi, kwa sababu hata mwili wa mwanadamu hujilinda kwa kuuzungushia ukuta uchafu unaouingia.

Wengi wetu tunaifahamu lulu kutokana na mfano alioutoa Bwana Yesu katika Mathayo 13, wa mfanyabiashara aliyeuza vyote alivyokuwa navyo ili apate lulu moja. Tunapousoma mfano huo tunamsifu kwa moyo wake wa kujitoa. Mara nyingi tunasahau kwamba alikuwa pia mtu anayeijua kazi yake. Kama asingeweza kutofautisha lulu na ushanga, angerudi nyumbani hana mali wala lulu.

Mwezi wa Agosti 2019 tulipata nafasi ya kujifunza jambo hilo kwa vitendo. Tulikuwa akina mama tisa, wengi wetu wauguzi, tuliotoka Dar es Salaam kwenda Unguja kuwatembelea wenzetu wa kanisa. Pamoja na nguo na vitabu vya nyimbo, tulibeba bahasha yenye shilingi laki mbili na elfu kumi. Ulikuwa mchango wa watu thelathini na wawili kwa ajili ya mkunga mwenzetu aliyekuwa akistaafu baada ya miaka 35 ya kazi. Tangu ujana wake alikuwa akisema kwamba siku moja angependa kuvaa lulu ya kweli, hata kama ni moja tu. Katika orodha ya waliochanga walikuwemo wahudumu wa wodi waliotoa shilingi elfu mbili mbili. Fedha ya namna hiyo haichezewi. Tulijua kwamba tukirudi tutasimama mbele ya wenzetu na kueleza tumenunua kitu gani hasa.

Katika Maduka ya Mji Mkongwe

Boti kutoka Dar es Salaam huchukua kama saa mbili. Ukishuka bandarini Malindi, Mji Mkongwe uko pale pale, na kwa mwendo wa miguu tulifika Mtaa wa Gizenga, ambako maduka ya vitu vya sanaa na mapambo yamepangana pande zote mbili za njia. Hapo wageni hununua vitambaa, viungo, picha za kuchora, na mikufu.

Katika duka la kwanza kijana alitupokea vizuri. "Karibuni mama zangu, kuangalia bure." Alitandaza mikufu kumi na zaidi ya lulu nyeupe. Alisema ni lulu asilia za Bahrain, na bei ya mkufu mmoja ni shilingi laki moja na nusu. Tulipogeuka kutoka, bei ilishuka hadi elfu themanini, na tulipofika mlangoni ikawa elfu ishirini na tano. Bei inayoporomoka hivyo haithibitishi kwamba kitu ni bandia, maana Unguja kupatana bei ni desturi. Lakini yatosha kumfanya mnunuzi asimame na kuangalia tena.

Tulirudi tukaangalia. Kila punje ilikuwa sawasawa na mwenzake, kwa ukubwa na kwa weupe, kama vidonge vilivyotoka katika kopo moja. Mkufu mzima ulikuwa mwepesi mkononi. Pembeni mwa tundu la punje moja rangi ilikuwa imebanduka, na chini yake ikaonekana plastiki. Tulimshukuru kijana, tukaondoka.

Hapana budi tueleze hapa kwamba lulu ziko za namna tatu. Ya kwanza ni lulu asilia, ambayo chaza huitengeneza mwenyewe bila kusaidiwa na mtu. Hii ni adimu mno na bei yake ni kubwa. Ya pili ni lulu ya kufugwa. Mtu humwekea chaza kitu ndani ya kombe, kisha chaza hukifunika kwa utando wake mwenyewe. Ya tatu ni lulu bandia, yaani punje ya kioo au plastiki iliyopakwa rangi ya kung'aa. Tangu zamani wako waliotengeneza rangi hiyo kwa magamba ya samaki.

Wengi hudhani lulu ya kufugwa ni ya uongo. Sivyo hata kidogo. Ni lulu ya kweli, kama vile kuku wa kufugwa alivyo kuku wa kweli. Lulu nyingi zinazouzwa duniani leo ni za kufugwa, na zile za bei nafuu aghalabu ni lulu za maji baridi kutoka China. Wala kuvaa ushanga wa kioo si aibu. Ubaya uko katika kuuza ushanga kwa jina la lulu.

Jinsi ya Kuipima Lulu

Duka la tatu lilikuwa la mzee mmoja wa makamo, aliyeketi nyuma ya meza yake na miwani puani. Tulimwamkia, tukamweleza haja yetu na kiasi cha fedha tulichokuwa nacho. Hakuanza na bei. Aliweka mikufu miwili mezani akasema, "Huu ni wa kioo. Huu ni lulu za kufugwa za China, za maji baridi. Za Bahrain sina. Chukueni mtizame wenyewe." Kwa mikufu hiyo miwili tulijifunza mambo manne.

Kwanza, tumia macho. Lulu za kweli hufanana lakini hazilingani kabisa. Moja itakuwa na kishimo kidogo, nyingine na mstari, na nyingine itaelekea kwenye rangi ya waridi au ya maziwa. Mng'ao wake ni kama unatoka ndani. Bandia hung'aa juu tu.

Pili, tumia mkono. Lulu ya kweli huwa ya baridi unapoishika mara ya kwanza, kisha hupata joto polepole kutoka katika ngozi yako. Plastiki haina baridi hiyo tangu mwanzo, tena ni nyepesi. Lakini kioo nacho huwa cha baridi na kizito, kwa hiyo jaribio hili peke yake halitoshi.

Tatu, kwa ruhusa ya mwenye duka, chukua punje mbili uzisuguanishe taratibu sana. Za kweli hukwaruzana kidogo, kama zina vumbi la mchanga laini kabisa. Bandia huteleza. Wengine hufundishwa kuisugua lulu kwenye ncha ya meno, na ni kweli kwamba meno huuhisi mkwaruzo huo vizuri. Hata hivyo, sisi tulio katika kazi ya afya hatulipendekezi jaribio hilo dukani. Hujui mkufu ule umekwisha kupita katika vinywa vya watu wangapi.

Nne, chungulia tunduni, ikiwezekana kwa kioo cha kukuzia. Tundu la lulu ya kweli huwa na ukingo mkali na safi. Tundu la bandia mara nyingi huonyesha rangi iliyovimba au kubanduka, na chini yake kioo au plastiki.

Usikubali kamwe lulu ichomwe kwa kibiriti au ikwaruzwe kwa wembe ili kuthibitishwa. Hata ya kweli itaharibika. Tena majaribio haya manne hutenga lulu na bandia tu. Hayawezi kutenga lulu asilia na ya kufugwa. Kwa hilo hutumika eksirei, ile ile tunayompigia mtoto aliyevunjika mkono, kwa sababu picha huonyesha kilichomo ndani. Bahrain, nchi ambayo imepiga marufuku biashara ya lulu za kufugwa, ilianzisha mwaka 2017 taasisi ya kupima lulu na vito iitwayo DANAT. Kwa hiyo mtu akikuambia lulu yake ni asilia ya Bahrain, mwombe cheti cha maabara. Kama hana, usilipe bei ya asilia.

Mzee yule alitucheka kidogo kwa kuhangaika kwetu. Kisha akasema, "Mama zangu, mkitaka cha hapa hapa Unguja, kesho nendeni Fumba mkawaone wanawake wenzenu. Wanafuga chaza." Tuliagana naye tukiwa na safari mpya.

Lulu na Pumzi za Watu

Jioni hiyo tulikwenda Mkunazini, ambapo kanisa kuu la Anglikana limejengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa. Soko hilo lilifungwa mwaka 1873, na mwaka huo huo ujenzi wa kanisa ukaanza. Tulikuwa tumekuja kusali tu, lakini jina la Bahrain lilikuwa bado masikioni mwetu, na hatukuweza kulitenga na mahali pale.

Katika karne ya 19 lulu za Ghuba ya Uajemi zilitafutwa sana Ulaya, India na Marekani. Zilihitaji wapiga mbizi. Miongoni mwa waliofanywa wapiga mbizi walikuwemo wengi waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika Mashariki, na hata baada ya soko la Unguja kufungwa watu waliendelea kusafirishwa kwa siri. Mpiga mbizi alibana pua kwa kibano, akateremshwa na uzito wa jiwe, akakusanya makombe kwa pumzi moja, akavutwa juu kwa kamba, kisha akarudi tena chini, siku nzima, wakati wote wa joto. Walikuwepo pia Waarabu maskini waliokuwa huru kwa jina lakini wamefungwa na madeni kwa manahodha wao. Anayejua ngoma ya sikio ilivyo laini ataelewa waliyoyapata.

Biashara hiyo ilivunjika baada ya lulu za kufugwa za Japani kuenea duniani katika miaka ya 1920, na hali ngumu ya uchumi iliyofuata ikaimaliza. Hatusemi haya ili kuwazuia akina mama kuvaa lulu. Tunasema kwa sababu kuuliza lulu imetoka wapi si udadisi wa bure. Nyuma ya pambo kuna mikono ya mtu, na yafaa kujua kama mtu huyo alilipwa.

Siku ya Fumba

Fumba iko kusini ya mji, kupita uwanja wa ndege, kwenye rasi inayotazama Ghuba ya Menai. Ghuba hiyo ni eneo la hifadhi tangu mwaka 1997. Tulipanda daladala asubuhi, tukiwa tumejitanda khanga kwa heshima ya wenyeji wetu, na tulipofika maji yalikuwa yamekupwa. Wanawake walionekana mbali wakiinama kwenye matope na mawe, ndoo zao pembeni.

Bibi mmoja alitupokea chini ya mwembe. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia, "Marahaba wanangu. Hamjambo huko bara?" Alitueleza maisha yalivyokuwa. "Zamani tukenda bamvua, ndoo yajaa mara moja. Baadae ikawa twenda mbali, na chaza wenyewe wadogo." Miaka ya 2000 watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, iliyoko Unguja chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walifanya kazi na wanakijiji wa Fumba na vijiji jirani. Walijaribu pamoja nao ufugaji wa chaza kwa ajili ya nusu lulu, ili wanawake wapate kipato bila kuimaliza pwani yao.

Kazi yenyewe ni hii. Chaza anayetumika ana kombe kubwa lenye umbo la bawa la ndege. Hufunguliwa kidogo kwa uangalifu, kisha vipande vya plastiki vya umbo la nusu mpira hubandikwa kwa gundi upande wa ndani wa kombe. Hurudishwa baharini, akaning'inizwa kwa kamba chini ya maboya. Kwa muda wa karibu mwaka mmoja huvifunika vile vipande kwa utando wake. Wakati wote huo lazima asafishwe, maana mimea na wadudu wa baharini humganda. "Ukimwacha bila ya kumsafisha, uchafu wa bahari wamla," alisema bibi.

Kwa kuwa imeota juu ya kombe, lulu hiyo huwa na uso wa mviringo mbele na bapa nyuma. Ndiyo maana huitwa nusu lulu. Mtu asiidharau kwa jina hilo. Mjapani Mikimoto Kokichi, ambaye jina lake lilivuma kwa lulu za kufugwa, alianza na nusu lulu kama hizi mwaka 1893. Lulu za duara kamili zilikuja baadaye.

Mwanamke mmoja alikuwa na jeraha la kombe kwenye kiganja, amelifunga kwa kitambaa. Tuliliosha kwa maji safi na sabuni, tukamwuliza kama amewahi kuchomwa sindano ya pepopunda, tukamsihi aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Makombe hukata kama wembe, na matope ya pwani hayana urafiki na kidonda. Bei tuliyotajiwa baadaye hatukuiomba ipunguzwe.

Tulichagua kidani kimoja. Nusu lulu yake ilikuwa imeachwa juu ya kipande cha kombe lake, kikakatwa kwa umbo la tone la maji na kutiwa kwenye mkufu wa fedha. Rangi yake ilikuwa ya fedha iliyochanganyika na buluu na waridi. Tulipouliza ni nini hasa, jibu lilikuja bila kusita. "Hii nusu lulu. Ya kufugwa, ya hapa. Mbele lulu, nyuma kombe lake." Fedha iliyobaki tulinunulia hereni za kombe la chaza, na bado tukarudi na chenji na hesabu iliyoandikwa.

Siku ya kumuaga mwenzetu, tulisimama mbele ya watu wote waliochanga, tukalisema jina lile lile tulilopewa Fumba. Yeye alipokea kidani, na kabla ya kukivaa alikigeuza akautazama mgongo wake, kama alivyozoea kumgeuza kila mtoto anayezaliwa na kuukagua mgongo. Kisha akacheka, akainamisha shingo tumvalishe.

Utunzaji wa Lulu

Lulu ni chokaa iliyoshikamanishwa na utando wa kiumbe hai. Kwa hiyo ni laini kuliko vito vingi, na adui yake mkubwa ni tindikali. Mambo yafuatayo yatamsaidia kila mwenye lulu, iwe moja au mkufu mzima.

Lulu iwe ya mwisho kuvaliwa na ya kwanza kuvuliwa. Maliza kwanza kujipaka mafuta, losheni, manukato na dawa za nywele, zikauke, ndipo uvae lulu.

Usiivae jikoni. Limau, ndimu na siki huila. Usiivae unapofua kwa dawa ya kung'arishia nguo au kwenye bwawa la kuogelea. Spiriti na dawa za kutakasa mikono, ambazo zimezoeleka siku hizi, pia huiharibu. Kwa hiyo pete ya lulu na kazi ya wodini haviendi pamoja.

Kila ukiivua, ipanguse. Jasho letu la pwani lina chumvi na tindikali kidogo. Kipande cha khanga kuukuu kilicholainika, kikilowanishwa kidogo kwa maji safi na kukamuliwa, chafaa sana. Kisha ikaushe kwa kitambaa kikavu. Usiiloweke, na usitumie dawa ya meno, magadi wala brashi.

Iweke katika mfuko wake wa kitambaa, mbali na dhahabu na vito vinavyoweza kuikwaruza. Usiifungie katika mfuko wa plastiki miaka na miaka, wala usiiweke juani au karibu na jiko. Lulu hupenda hewa na unyevu kidogo, na kuvaliwa mara kwa mara huifaa kuliko kufichwa.

Mkufu wa lulu ni bora utungwe kwa uzi wa hariri, wenye fundo kati ya punje na punje, ili ukikatika usimwage zote. Kama unauvaa mara nyingi, mpelekee sonara au fundi autunge upya kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Uzi ukianza kulegea au kuwa mweusi, usingoje.

Nusu lulu yahitaji uangalifu zaidi. Nyingine hukatwa kutoka kwenye kombe, zikajazwa ndani na kufunikwa nyuma kwa kipande kingine kilichogandishwa kwa gundi. Maji mengi na joto hulegeza gundi hiyo, na pigo laweza kuipasua. Igeuze mara kwa mara utazame mgongo wake, na ukiona ufa, mpelekee fundi mapema.

Jambo la mwisho ni dogo, lakini wengi hawalifanyi. Siku utakayonunua lulu, andika katika karatasi ni ya namna gani, imetoka wapi, umeinunua mwaka gani na kwa bei gani, kisha itie karatasi hiyo katika mfuko wa lulu. Kama ni ya kioo, andika ni ya kioo. Binti yako au mkweo atakapoirithi, asidanganywe na mtu, wala yeye asije akamdanganya mwingine bila kujua.